Mwenye Bastola

Jua lilikuwa linazama mtaani Kikula. Stanislas alilifunga kwa kufuli duka lake la kuchapisha mabango na fulana, akaenda bombani kuchota maji ya kuoshea fremu za wino. Dakika kumi tu. Aliporudi, kufuli ilikuwa vilevile alivyoiacha.

Ndani kulikuwa na mtu ameketi gizani.

"Ni miye, Baba Chérie," sauti ikanong'ona. "Mama Ricky."

Harufu ya formoli, ile dawa ya maiti, ikamjaa puani. Akarudi nyuma hatua moja. Na kwa nini asiogope? Alilolifanya alilijua.

Ricky alikufa kwa homa mwezi uliopita, na Stanislas ndiye aliyechapisha fulana za matanga yake. Picha ya marehemu ikabaki kwenye kompyuta. Kisha ukaja uchaguzi, kila upande ukadai umeibiwa kura. Watu wa mgombea mmoja wakamletea nakala ya bango la zamani la Amerika, la uchaguzi wa rais wa 1876, ambao nao uliisha kwa ugomvi: mzungu wa kofia amemwekea mtu mweusi bastola kichwani, mbele ya sanduku la kura.

"Badilisha sura," wakamwambia.

Mtu mwenye haya angekataa. Yeye aliuliza tu wanataka mangapi. Akampa mpiga kura sura ya Ricky. Akampa mwenye bastola sura ya Michée, kaka yake Mama Ricky wa tumbo moja, kwa kuwa alikuwa wa chama kingine. Chini akaandika: HUYU NDIYE ALIYEMUUA RICKY. Mabango mia sita. Siku ya tatu watu walimchoma Michée nyumbani kwake, akiwa hai.

"Chapisha ingine," mwanamke akasema. "Andika Ricky alikufa na homa. Andika kaka yangu hakuua muntu."

"Mama, siwezi. Bale bantu bataniua."

Akasikia kiti kikilia, kama mtu anainuka.

"Basi. Ricky atasema yeye mwenyewe."

Stanislas akapapasa, akawasha taa. Kiti kilikuwa kitupu. Akakimbilia uani kwa mkewe, Christiane.

"Umemuona Mama Ricky anatoka?"

"Mama Ricky? Tangu juzi banamupeleka hospitali ya Kapolowe. Hata kusimama hawezi, maskini."

Hapo akasikia... kwaruu. Kwaruu. Kitu kilikuwa kinakwaruza karatasi, nje, ukutani.

Akatoka na tochi. Bango lilikuwa pale. Ricky alikuwa pale. Lakini mwenye bastola...

Alikuwa Stanislas.

Hata kovu la kwenye nyusi lilikuwepo. Akalibandua bango kwa kucha, akakuta chini yake lingine, sura ileile. Akamulika ukuta wa jirani, na uliofuata. Mtaa mzima alikuwa yeye. Wino ulikuwa mbichi, ukamlowesha vidole.

Kutoka sokoni zikaja sauti, nyingi, zikipanda barabara. Mmoja alikuwa anasoma kwa nguvu yale maneno aliyoyaandika Stanislas kwa mkono wake.

Hakukimbia. Wakamzunguka. Ndipo ukweli ukamtoka, ule alioombwa akauminya.

"Ricky alikufa na homa," akalia. "Homa tu, bandugu. Hakuna muntu alimuua."

Mwanamume aliyebeba bidoni ya petroli akamtazama bila haraka.

"Michée naye alisema vilevile," akajibu, akafungua kifuniko.