Filimbi Iliyolowa

Tangu rafiki yangu Nkwabi anisimulie haya, sijathubutu kuweka filimbi mdomoni.

Kundi lake la ngoma pale Ibadakuli lilimpa muda hadi mavuno awe amejua kupiga filimbi, la sivyo nafasi yake ingekwenda kwa shemeji yake. Akaenda dukani kuchagua. Filimbi zote za bati kapuni zilikuwa kavu na zililia kwa shida. Moja tu ilikuwa imelowa mdomoni, nayo ililia kwa pumzi kidogo.

“Nani kaijaribu hii?”

“Leo mteja ni wewe tu, Baba Klara,” alijibu mwenye duka.

Nkwabi aliifuta kwa shati, akaichukua.

Jioni alijifunza chumbani kabla taa haijawashwa. Vidole vyake vilikosea, lakini wimbo ulitoka sawasawa. Kisha ulimi ukaonja ute mzito, vuguvugu, wenye harufu ya nyama iliyooza. Akatema, akaitupa filimbi mkekani, akajifuta mdomo mpaka ukauma.

“Leo umeweza, Baba Klara,” mkewe aliita kutoka jikoni. “Shemeji yako atanuna. Endelea tu.”

Filimbi ilikuwa bado inalia pale mkekani, na mate yalikuwa yakiitoka.