Asilimia Zangu Zilivunja Mji wa Mama Ghati

Nina miaka thelathini na minne, ni mwalimu wa serikali, mzaliwa wa Singida. Miaka sita iliyopita nilipangiwa shule moja huku Tarime. Kijiji chenyewe sikitaji... nilishakiandika mara moja mtandaoni, na matokeo yake ndiyo haya ninayowasimulia.

Nilifika bila ndugu. Mama mmoja mjane, nitamwita Ghati, alinipa chumba katika mji wake, yaani boma lake, na kunilea kama mwanawe. Yeye hakujaliwa kuzaa. Mumewe alipofariki, alioa mwanamke mwenzake, Robi, kwa mila ya Kikurya ya nyumba ntobhu. Alitoa ng'ombe, na watoto aliozaa Robi wakawa wa Ghati, wenye jina la marehemu na haki ya shamba lake. Baba yao wa damu ni nani? Huko hilo haliulizwi!

Mimi niliuliza.

Siku moja mimi na Robi tulikuwa jikoni tukichambua maharage. Robi, kwa kuniamini, aliniambia kwamba baba wa watoto wake wawili ni Mluo wa upande wa pili wa mpaka. Akanisihi yaishie pale. Nikaapa kwa jina la mama yangu.

Likizo iliyofuata nilikuwa naandika makala kuhusu kata yetu katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika. Niliona makala za kwingine zina asilimia za kila kabila na kila dini. Ya kwetu ilikuwa tupu, na nilijua sababu. Sensa yetu haimwulizi mtu kabila wala dini! Lakini mimi nilitaka namba.

Nikazitengeneza. Nilichukua daftari la mahudhurio, nikawagawa wanafunzi kwa majina yao tu. Juma nikamweka Mwislamu, ilhali kila Jumapili anaimba kwaya! Manesi na walimu tuliotoka mikoani sikutuhesabu kabisa. Nikaandika asilimia zenye desimali, bila kusema nani alihesabu, lini, wala kwamba ni watoto wa shule moja. Nani angeshuku namba yenye desimali?

Kisha nikaongeza sentensi moja, nikijiona msomi... Niliandika kwamba idadi ya Wakurya imeongezwa na watoto wa nyumba ntobhu wenye baba wa makabila mengine, kwa mfano kaya iliyo nyuma ya shule, ambako baba ni Mluo. Jina sikutaja. Lakini nyuma ya shule kuna mji mmoja tu!

Baada ya wiki kadhaa watu walianza kunyamaza nikipita. Wauza ndizi waliokuwa wakinitania sasa walinihudumia wakitazama pembeni. Nikamshuku mwalimu mwenzangu kwamba ananisema. Nikamshuku mwenyekiti wa kijiji. Kila mtu nilimtilia shaka isipokuwa yule mwenye makosa.

Mwita, mdogo wa marehemu, alikuwa na uchu na shamba lile tangu msiba. Aliitisha kikao cha ukoo, akatoa karatasi aliyochapisha mjini Tarime. Ilikuwa makala yangu!

"Hiki ni kitabu kinachosomwa dunia nzima," aliwaambia wazee. "Kinasema watoto hawa si wa kwetu. Shamba la kaka lirudi."

Mama Ghati, aliyekuwa ameniomba nimsindikize kikaoni, hajui kusoma. Alinigeukia, akaniuliza kama kweli imeandikwa hivyo. Nikasema ndiyo. Nani ameandika? Nikasema sijui...

Ningeishia kwenye uongo huo ingekuwa afadhali. Jioni ile nilimnong'oneza kwamba huenda Robi mwenyewe ana mdomo mwepesi, kwamba siri kama ile haitoki nje bila mwenyewe kuitoa. Wasomaji, niliyasema hayo nikiwa nimekaa jikoni kwake, nikila ugali wake!

Wakagombana. Waliokuwa wameishi miaka kumi na miwili bila kutupiana neno baya! Siku ya tatu Robi alifunga mizigo, akavuka mpaka wa Sirari na watoto wote wawili.

Wiki iliyofuata mpwa wa Ghati alifungua ule ukurasa kwenye simu, akabonyeza sehemu inayoonyesha historia ya kila aliyeuhariri. Jina langu lilikuwa pale, na tarehe, na sentensi yenyewe.

Niliposema shikamoo, Mama Ghati hakuitikia. Alisema taratibu, "Mwalimu, wewe umehesabu kata nzima. Haya, nihesabie na mji huu. Tumebaki wangapi?"

Nililia mbele yake. Hakunifukuza, wala hakunifariji. Nilihama mwenyewe.

Ndugu zangu mnaoandika, nawasihi! Ukiandika asilimia ya kabila au dini ya watu, sema nani alihesabu, alihesabu akina nani, mwaka gani, na kama walijitaja wenyewe au uliwakisia kwa majina. Kama hakuna aliyehesabu, andika kwamba haijulikani. Si aibu! Na siri uliyopewa jikoni usiigeuze mfano.

Sentensi ile nimeifuta na asilimia nimeziondoa. Kazi hiyo ilinichukua dakika tano. Mwita ameshaanza kulima shamba, na Robi hapokei simu za mtu yeyote.