Ulimi Mweupe wa Bosi

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hata leo Fundi Rangi hakatai. Miaka kumi na minane ya kupaka kuta za watu ilimfundisha jambo moja: ukiona doa, likwangue.

Basi alipoona utando mweupe kinywani mwa mwanawe wa wiki sita, ambaye nyumbani wanamwita Bosi, hakuuliza mtu. Alizungushia kidole kitambaa safi, akaanza kazi.

"Baba Bosi, unafanya nini?" mkewe akauliza.

"Maziwa tu haya, yameganda. Dakika moja."

Bosi alipiga yowe lililomtoa jirani bafuni na povu kichwani. Kitambaa kilitoka na tone la damu. Utando ulibaki palepale.

Bosi akasusa ziwa. Alilishika, akaliachia, akalia. Mama yake naye alikuwa akiuma meno, maana chuchu zilikuwa zimepasuka na zinawaka moto.

"Nepi haijalowa tangu asubuhi," alisema. "Mtoto atatukaukia huyu. Twende kliniki!"

Muuguzi alimpima Bosi. Uzito ulikuwa umeshuka. Akawasha tochi, akachungulia kinywani.

"Maziwa hufutika kwa urahisi. Huu umeng'ang'ania ulimi, mashavu na ufizi. Ni fangasi. Nani kaukwangua?"

Fundi Rangi akatazama dari.

"Dari haijakwanguliwa, baba. Nakuuliza wewe."

"Ni mimi, dada."

"Usirudie. Unamwachia kidonda." Muuguzi akamgeukia mama. "Kamua maziwa kidogo, tumnyweshe kwa kikombe."

Bosi akanywa, funda kwa funda. Mama yake akashusha pumzi.

"Matone haya ni ya mtoto, kinywani, kila akishanyonya," muuguzi akaeleza. "Krimu hii ni ya mama, kwenye chuchu."

"Mgonjwa si mtoto?" Fundi Rangi akauliza.

"Kazi yako nini?"

"Rangi."

"Ukuta ukiota ukungu pande zote mbili, unatibu upande mmoja?"

"Aa, utarudi wiki hiyohiyo!"

"Na hawa ni hivyohivyo. Wanaambukizana. Aendelee kunyonya. Naweni mikono kwa sabuni. Dawa mmalize siku zote nilizoandika. Akikataa kunyonya, au nepi zisipolowa, mrudi siku hiyohiyo."

Siku ya tano ulimi ulikuwa mwekundu safi. Bosi alinyonya mpaka akasinzia, na nepi zilijaa kamba nzima. Kwenye mizani ya kliniki uzito ulikuwa umepanda. Waliporudi nyumbani, Fundi Rangi akaichukua chupa ya matone, akaifungia kabatini.

"Kapona. Hii tuiweke akiba."

"Muuguzi kasema tumalize."

"Mke wangu, mimi naona kwa macho yangu!"

Mkewe akanyoosha mkono.

"Juzi ulikuwa daktari, ukamtoa mtoto damu. Leo umekuwa mfamasia. Hebu jaribu kuwa baba: nawa mikono, ulete matone."