Vidonge Walivyopewa Kuku

Kila asubuhi mama yake aliposhuka barabarani kupakia kabichi kwenye lori la Dar, Yuliana ndiye aliyebaki mama wa nyumba. Alifungulia kuku, akakoroga uji, kisha akampa mdogo wake Fransisko dawa ya kifua. Ilikuwa ile ya vidonge vya rangi mbili vyenye unga ndani, kutoka duka la dawa lililofunguliwa kijijini kwao Mgeta baada ya biashara kuwa huria.

Fransisko alipoacha kukohoa na kuanza kukimbiza paka, Yuliana aliona amepona. Kuku wake nao walikuwa wamezubaa, mabawa yakiburuta, na majirani waliwapa kuku wao dawa hiyohiyo. Akafungua vidonge vilivyobaki, akamwaga unga wake kwenye maji ya kuku. Mama alipouliza, alijibu kwamba mtoto amemaliza dozi. Uongo ulimtoka kirahisi kama salamu. Kuku wenyewe walikufa vilevile.

Haikuchukua muda, homa ikarudi kwa kishindo. Fransisko alishushwa mjini Morogoro kwa lori, akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Wauguzi walimtundikia dripu yenye dawa, lakini hali ilizidi kuwa mbaya.

Daktari Nassoro alimweleza mama kwamba katika chumba kile dawa za kuua bakteria hutumika kwa zamu. Moja ikifanya kazi, nyingine hupumzishwa, ili bakteria wasizizoee. Dawa iliyokuwa kwenye zamu sasa, aliyokuwa akipewa Fransisko, ilikuwa ya jamii moja na ile ya rangi mbili. Kama kweli mtoto alimaliza dozi akapona, basi huu ni ugonjwa mpya, na waipe dawa muda. Mama akathibitisha kwamba alimaliza.

Yuliana alikaa kwenye benchi akiwasikia. Alijiona muuaji. Hatimaye akasimama.

"Shikamoo daktari. Hakumaliza. Vilivyobaki niliwapa kuku."

Mama alimgeuzia mgongo, na hilo lilimuuma kuliko fimbo. Daktari alimwita nesi, akaagiza dawa iliyokuwa imepumzishwa ianze mara moja.

Fransisko alipoweza kukaa kitandani, daktari alimwita Yuliana.

"Bakteria walionusurika walikuwa wameizoea dawa," alisema. "Dozi humalizwa hata kama mgonjwa anacheza, na dawa ya mtu haigawiwi kuku. Lakini ungenyamaza, ningeendelea kumpa isiyomsaidia. Ukweli wako umemwokoa."

Yuliana aliinamisha kichwa. Hakujiona amestahili sifa.

Siku ya kuruhusiwa, mama alipokea pakiti ya vidonge vya kumalizia nyumbani, akaiweka mkononi mwa Yuliana.

"Utampa wewe," alisema.

"Mpaka cha mwisho, mama," Yuliana alijibu.