Nafasi ya Jina la Mama

Ilianza na jina moja tu, tena jina zuri la kikekike, likijiandika lenyewe mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu.

Somoe alikuwa kwenye steshenari yake pale Rahaleo, Januari ile ya kuandikisha watoto chekechea, foleni imefika barazani. Mbele yake alikaa mzee Kasiani, mwalimu mstaafu mwenye maneno mengi kuliko meno, aliyekuja kumjazia mjukuu wake fomu ya shule mtandaoni. Somoe akafungua dirisha fiche, lile dirisha jeusi la kivinjari ambalo halitunzi kitu: ukilifunga, kila ulichoandika humo kimesahaulika. Kila mteja alimfungulia la kwake, ili anayefuata asikute mambo ya aliyetangulia. Kabla hajagusa kibodi, kwenye nafasi ya jina la mama pakawa pameshaandikwa: Mwanashungi Halfani.

"Nkwe wangu anaitwa Martha," Kasiani akasema, akiweka miwani sawa. "Huyo Mwanashungi nani tena? Au kijana wangu kaoa nke wa pili bila kunambia?"

Watu wa foleni wakacheka. Somoe naye akacheka, akafuta, akaandika Martha. Lakini kicheko hakikufika tumboni. Dirisha fiche halina kumbukumbu, sasa jina hilo limetoka wapi?

Kwa mteja wa pili likatokea tena, na kwa wa tatu vilevile. Kufikia adhuhuri alikuwa amelifuta mara saba, na kila alipolifuta pua yake ilipata harufu ya tope la mikoko, lile jeusi linaloachwa na maji yakipwa, na juu yake harufu ya marashi ya waridi, kama mtu aliyetoka kuchimba kaa akajimwagia chupa nzima.

Hapo ndipo alipokumbuka kile kiendelezi. Wiki iliyopita Dickson, fundi wake wa kompyuta, alimbandikia kwenye kivinjari kiprogramu kidogo cha kujaza fomu chenyewe, maana foleni ilikuwa imemshinda. Viprogramu vya namna hiyo haviingii kwenye dirisha fiche mpaka mwenyewe uviruhusu. Somoe alikiruhusu. Kompyuta ilimwonya kwamba kitaweza kusoma na kubadilisha kila anachoandika, naye akabonyeza "Ruhusu" bila kusoma, kama tunavyofanya sote, tusijifanye wema hapa.

Kisha, jana yake jioni, alikijaribu kwa fomu ya mwanawe mwenyewe, Saida, wa miaka minne. Akaandika jina la mtoto na siku aliyozaliwa. Nafasi ya jina la mama akaiacha tupu, kwa makusudi. Somoe alilelewa Mikindani na bibi yake, na bibi alimkanya tangu mdogo: mtu akitaka kukupeleka kwa mganga, anapeleka jina lako na jina la mama yako. Mawili hayo usiyaache pamoja mahali wasipokujua. Basi akaona afadhali amfiche mwanawe, akahifadhi fomu hivyo hivyo, nusunusu, akasema ataimalizia siku nyingine.

Saida ndiye mtu wake pekee duniani. Baba yake alihamia Tunduru kwa mke mwingine na salamu zake zikahamia naye. Mtoto alishinda dukani, kwenye mkeka chini ya meza, akichora. Mchana ule wa jina kujiandika, Somoe alipomwekea wali, Saida alisukuma sahani.

"Nimeshakula."

"Nani kakupa?"

"Mama."

"Mama si mimi hapa?"

Mtoto akamtazama kwa adabu, vile mtoto anavyomtazama muuza duka. Somoe akainama kumshika, akakuta nyayo zake zimelowa tope jeusi. Saida hakuwa ametoka chini ya meza tangu asubuhi.

Kesho yake asubuhi Dickson alikuja na begi lake. Akaondoa kiendelezi, akafungua orodha kumwonyesha: hamna kitu. Kwenye dirisha la kawaida hamna kitu. Akafungua dirisha fiche, na kule juu pembeni kukawa na alama ndogo nyeusi isiyo na jina, na katikati fomu ya Saida imejifungua yenyewe.

"Hiki si nimekitoa?" Dickson akajiuliza kwa sauti ya chini. Akalifunga dirisha.

Chini ya meza kalamu ikaanguka. Somoe akageuka. Saida alikuwa amekaa vilevile, macho wazi, kidevu kimemlegea, na kifua hakipandi wala hakishuki. Somoe alimvuta, akampiga mgongoni, akamwita kwa jina mara kumi, na midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi mikononi mwake.

"Fungua! Dickson, fungua ulichofunga!"

Dirisha likafunguka, fomu ikarudi, na Saida akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetolewa majini. Dickson aliweka kidole tena kwenye kipanya, pengine ni bahati mbaya tu, alisema, tujaribu mara moja tuone. Somoe akamkamata mkono kwa kucha.

"Dada Somoe," Dickson akanong'ona, akikusanya vitu vyake bila kuangalia chini ya meza, "mimi natoa virusi. Hiki siyo kirusi." Alitoka akaacha bisibisi yake kaunta, wala hakuirudia.

Kuanzia hapo Somoe akawa mfungwa wa dirisha lisilozidi upana wa kanga iliyokunjwa. Hakuweza kulifunga, hakuweza kuzima kompyuta, hakuweza kwenda nyumbani akaiacha kompyuta peke yake na umeme wetu huu unaokatika bila kuaga. Alishusha mlango wa bati, akakaa humo siku mbili na mwanawe, akila mandazi ya jirani, akiangalia taa ya kijani ya kile kisanduku cha betri kinachoibeba kompyuta umeme ukikatika, akiomba isigeuke nyekundu, na kila alipoanza kusinzia alisikia chini ya meza mwanamke akibembeleza mtoto kwa sauti ya puani, taratibu, wimbo ambao Somoe hakuwahi kuujua na ambao Saida aliufuata neno kwa neno, na harufu ya tope ikipanda mpaka kooni, na yeye akiogopa kuinama aangalie kwa sababu alijua fika kwamba akiinama atakuta mtoto amelala kwenye mapaja ya mtu.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, akaja ustadhi Idrisa kutoka Mtawanya, aliyeitwa na jirani wa mandazi, mwalimu wa madrasa anayejulikana kwa kisomo. Alikuja na pikipiki yake, chupa ya kombe, yale maji yaliyooshewa aya za zafarani, kwenye mfuko wa plastiki. Alikaa kwenye kigoda, akamweka Saida mbele yake, akauliza kama wanavyouliza siku zote.

"Jina la mtoto?"

"Saida," Somoe akajibu.

"Na mama yake?"

Somoe alifungua mdomo, lakini Saida akamtangulia. "Mwanashungi."

Ustadhi hakushtuka, au hakuonyesha. Akaanza kusoma. Alisoma mpaka jasho likamlowesha kanzu, na mtoto akaanza kuyumba, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, tulivu, isiyo na haraka.

"Msinipigie kelele, sikuvunja mlango. Ruhusa nimepewa kwa mkono wake. Nikamkuta mtoto ameandikwa jina, ameandikwa siku yake, nafasi ya mama iko wazi. Nani anamwacha mtoto hivyo?"

"Nilikuwa namkinga!" Somoe akalia. "Nilimkinga na watu kama wewe!"

"Nami nimemkinga. Wangu niliwapoteza kule mtoni, Ruvuma inapoingia baharini. Huyu sipotezi."

"Toka kwa amani," ustadhi akasema. "Toka uende kwenu."

"Nitatoka. Lifungeni hilo dirisha, nitoke naye."

Wakati huo feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme umekatika. Kisanduku cha betri kikaanza kulia, tii, na kimya, na tii. Somoe alikijua kisanduku kile: dakika kumi, kikijitahidi.

Akaruka kwenye kibodi. Akafuta Mwanashungi, akaandika Somoe, na herufi zikarudi nyuma moja moja, kama mtu anayezifuta kwa kidole. Akaandika tena, akaandika jina lake na la baba yake na la babu yake, akaandika mpaka vidole vikauma, ustadhi akipandisha sauti nyuma yake na kumnyunyizia mtoto kombe, na mtoto akitabasamu tu, na kisanduku kikilia sasa bila kupumzika, na kila jina aliloandika likifutika kabla hajafika mwisho.

"Unajichosha," sauti ikasema, karibu kwa huruma. "Hapo nimeshakaa. Chini yake pana nafasi nyingine, hiyo sikuigusa."

Chini yake paliandikwa: Jina la mlezi, kama mtoto halelewi na mama yake.

"Usiandike, binti!" ustadhi akamfokea. "Ukiandika hapo umekubali na la juu. Kile ni kiapo!"

"Ustadhi, kisomo chako kinamtoa?"

Ustadhi akazidi kusoma.

"Kinamtoa au hakimtoi?"

"Kinahitaji siku. Saba, huenda zaidi."

Taa ilikuwa imegeuka nyekundu. Kifua cha Saida kilishaanza kupanda kwa shida. Somoe alijua kabisa anachofanya, asije mtu akasema alidanganywa. Aliandika Somoe kwenye nafasi ya mlezi, na herufi zikakaa. Akabonyeza "Tuma". Fomu ikaenda, kioo kikazimika, na duka likawa giza kasoro mwanga uliopenya chini ya mlango wa bati.

Saida alikuwa anapumua. Alikuwa wa moto, mwenye jasho, mtoto kabisa. Harufu ilikuwa imekwisha. Umeme uliporudi, Somoe alifungua dirisha fiche, na kule juu pembeni hapakuwa na alama yoyote. Ustadhi akasema alhamdulillahi, lakini kwa sauti ya mtu anayefariji wafiwa.

Saida akajinyoosha, akamkuta Somoe amepiga magoti mbele yake, akimtazama usoni.

"Shikamoo, anti," akasema.

Alianza shule wiki iliyofuata. Alikula vizuri, alicheza, alinenepa. Somoe alimfulia sare, akamfunga kamba za viatu, akaitwa anti asubuhi na jioni, akajiambia kwamba mtoto hai anayekuita anti ni bora kuliko kaburi. Alijiambia hivyo kila siku, na kila siku alihitaji kujiambia tena.

Mwezi wa pili, siku moja saa sita mchana, alifika getini kumchukua. Mwalimu Upendo, binti wa Mbeya asiyejua mambo ya pwani, alimpokea na begi la mtoto mkononi.

"Saida ameshachukuliwa, anti. Mama yake amempitia."

Somoe alishika nondo za geti.

"Tuliangalia kwenye daftari kwanza," mwalimu akaongeza haraka, akidhani analaumiwa. "Jina ni lile lile lililo kwenye fomu. Mama mpole, amejitanda kanga. Amesema wewe utakuja kuchukua begi."

Somoe alikimbia njia nzima, kanga ikimwanguka, bajaji zikimpigia honi, akaingia uani kwake bila hodi. Saida alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshiba, nywele zimesukwa mtindo wa twende kilioni, mistari myembamba iliyonyooka, mafuta bado yanang'aa. Hakuna mtu mwingine. Mkeka pembeni yake ulikuwa umelowa.

"Anti, begi langu umeleta?"

Somoe alianguka magotini, akamkumbatia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Nimeleta, mwanangu. Nimeleta, mwanangu mie."

Mtoto alijitoa mikononi mwake polepole, bila hasira, akamwekea kidole mdomoni.

"Usiniite hivyo, anti," akanong'ona. "Mama anasikia."