Onyo la Mstari wa Kumi na Nane

Walikutana kwenye foleni ya kujiandikisha mafunzo ya kompyuta, ukumbi umefurika, watu wanasukumana utadhani wanagawiwa viwanja. Yeye alikuwa mfamasia wa hospitali ya watoto, gauni la bluu limemkaa, viatu mkononi kwa sababu vilimbana. Aliyeketi nyuma ya meza ya fomu ndiye mwalimu mwenyewe wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, shati jeupe, mikono imekunjwa.

"Dada, vaa viatu. Hapa hatuogelei."

"Kaka, andika jina. Hapa hatupimi miguu."

Kwisha habari yake mwalimu.

Kwa wiki sita alimfundisha kuandika ndani ya programu kila kitu ni cha aina gani: huu uzito ni namba, hili jina ni maneno. Kisha programu ya ukaguzi inapita mstari kwa mstari, na palipochanganywa inalalamika.

"Ina gubu kama shangazi yangu," alisema mfamasia.

"Shangazi yako nimeshampenda. Unanipeleka lini?"

"Nimalize kwanza kazi yangu, mchokozi wewe."

Kazi yenyewe ilikuwa programu ya dozi za watoto wodini: kilo za mtoto mara mbili. Asubuhi ya kuikabidhi kwa mganga mkuu, onyo jekundu likatokea mstari wa kumi na nane, mfamasia akaanza kulia. Mwalimu hakuweza kumwona akilia. Badala ya kutafuta kosa, akaongeza pale maneno mawili ya kuuambia ukaguzi upuuze.

"Usijali, laazizi. Inalalamika tu."

Wakaijaribu kwa namba walizoandika wenyewe, ikapita.

Lakini wodini uzito ulitoka kwenye fomu ya kompyuta, na fomu ile ilitoa hata tarakimu kama maneno, si namba. Python ukiiambia izidishe maneno mara mbili haikatai, inayarudia. Mtoto wa kilo 15 akaandikiwa miligramu 1515 badala ya 30. Muuguzi akashtuka chupa imeshafunguliwa, mtoto bado hajanyweshwa.

Mfamasia akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Akafungua programu, akayakuta yale maneno mawili mstari wa kumi na nane, akajua ni nani aliyeyaandika.

Mwalimu alipiga simu mpaka akachoka. Akaenda kwa mganga mkuu, akakiri kwa maandishi, mfamasia akarudishwa kazini. Siku ya tano mfamasia akapokea simu yake.

"Umekula?" mfamasia aliuliza.

"Nimekula. Nisamehe, mpenzi. Nilikuwa nimeshanunua pete."

"Mama wa yule mtoto amenishukuru leo kwa dawa, hajui lolote. Nimeshindwa kumtazama usoni."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nakupenda, tena sana, hilo ndilo balaa. Ila ukiniambia umefunga mlango, nitainuka nikaangalie."

"Nitabadilika."

"Najua. Na mimi bado nitainuka."

"Sasa tufanyeje?"

"Sijui, mpenzi. Kweli sijui."

Hakuna aliyekata simu. Walibaki wakisikilizana wakipumua, hadi chaji ya mmoja wao ikaisha.