Sabuni Kwenye Paipu ya Breki

Kila Jumamosi, akishachota maji, Rhobi alimshikia baba yake spana. Magige alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea dagaa kutoka Kibara kwenda Bunda, na barabara ile, ambayo wakubwa huikumbuka wakati wa kura tu, ilikuwa imeilegeza kila kiungo.

Asubuhi hiyo nati ya paipu ya breki, gurudumu la nyuma, ilitoa jasho la mafuta. Kutu ilikuwa imeing'ang'ania. Magige aliimwagia mafuta ya taa, akasema iachwe inywe nusu saa, ndipo igongwe taratibu.

"Usiilazimishe. Nilikuambiaga, ukiilazimisha inaondoka na paipu yake." Akaenda kwa fundi Boniphace kuazima spana inayobana vizuri.

Rhobi alitaka baba akute kazi imekwisha. Alichomeka bomba kwenye mpini wa spana, akaning'inia. Nati haikufunguka. Paipu ndiyo iliyopinda, ikapasuka, mafuta yakachirizika. Akakumbuka jinsi baba anavyoziba tangi la petroli kwa sabuni ya kipande. Akaikanda, akaziba ufa, akapangusa.

Baba aliporudi na kuuliza, Rhobi alijibu hajaigusa nati.

Mara wanawake wawili wakamleta jirani yao Wankyo, uchungu umemkamata. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, tena. Magige akasema nati itangoja kesho, akawasha pikapu. Uso wake ulikuwa uleule wa siku walipomzika mama yake Rhobi.

Rhobi aliushika mlango wa pikapu. "Baba, usiende. Paipu nimeipasua. Nimeziba kwa sabuni."

Magige alikanyaga breki. Pedali ikazama hadi chini.

Boniphace aliitwa, akaja mbio na paipu ya gari lake bovu. Nati ilikuwa imeshakunywa mafuta ya taa, ikafunguka; wakafunga paipu nyingine, wakatoa hewa kwenye mafuta ya breki, Rhobi akikanyaga pedali kila alipoambiwa, huku Wankyo akigugumia nyuma na kuuma kanga. Hakuna aliyemgombeza Rhobi, na hilo lilimuuma zaidi. Pikapu ikaondoka kuelekea Bunda. Saa nane mchana simu ikaja kutoka Bunda: mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Jioni Magige alimketisha Rhobi juu ya tairi. "Kwenye tangi petroli imetulia, sabuni inakaa. Breki ukikanyaga, mafuta yanaisukuma nje. Huo ni ufundi, utajifunza." Akaiweka spana chini. "Mama yako alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa bovu wiki ya tatu. Kwenye daftari la gari hilo mtu aliandika kwamba ni zima. Tukalingoja."

Akamtazama. "Leo asubuhi na wewe uliandika hivyohivyo. Ila ulifuta kabla gari halijaondoka. Kosa liseme mapema, mwanangu, kabla mtu hajapanda."